Moshi Huu Umetoka Wapi?

Makala haya nayaandika kwa kukiri kosa. Ni kosa nililolitenda mbele ya darasa. Nililiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri, nikawataka wanachuo wangu walinakili madaftarini. Nao, kwa kuwa walikuwa wanachuo watiifu, wakalichukua hadi katika shule za msingi walikokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha. Nimeona ni heri nilieleze humu, maana wasomaji wa jarida hili ni walimu watarajiwa, na jaribu lililonishinda mimi litawafikia wao pia.

Mwezi Juni mwaka 2023 habari za dunia zilijaa picha za mji wa New York. Tarehe 7 ya mwezi ule anga la mji huo liligeuka rangi ya chungwa mchana kweupe, watu wakatembea wamefunika pua na midomo, na baadhi ya safari za ndege zikacheleweshwa kwa sababu ya utusitusi. Moto wenyewe haukuwa New York. Ulikuwa katika misitu ya Quebec, nchini Kanada, mamia ya kilomita upande wa kaskazini. Wataalamu waliufuatilia moshi ule kwa setilaiti, yaani vyombo vinavyozunguka angani na kuipima dunia kutoka mbali bila kuigusa, wakaweza kuonyesha ulikoanzia na ulikopita hadi ukaufikia mji.

Mimi ni mkufunzi wa Jiografia na Sayansi katika chuo kilichomo jijini Dar es Salaam. Kila asubuhi ya majira ya kipupwe nikishuka kwenye basi Mtaa wa Msimbazi huona utando wa moshi umetanda juu ya mapaa ya Kariakoo na Gerezani, ukashuka hata bonde la Jangwani. Nilipoziona picha za New York nikajiambia kwamba nimepata somo. Maadam moshi wa Quebec uliweza kufika New York, basi na moshi wetu wa Kariakoo bila shaka watoka mbali. Usiku ule nikafungua ramani ya mioto ya dunia inayotolewa bure na NASA, shirika la anga la Marekani, kwa jina la FIRMS. Mtu yeyote mwenye simu na intaneti aweza kuitazama. Upande wa magharibi wa Tanzania, kuanzia Tabora hadi Katavi na Rukwa, ulikuwa umejaa nukta nyekundu kama mtama uliomwagwa mkekani. Juu ya Kariakoo hapakuwa na nukta hata moja. Nikaona shauri limekwisha.

Kesho yake nikaandika ubaoni: "Moshi unaofunika Kariakoo asubuhi watokana na mioto ya mapori ya Katavi na Tabora." Nikaongeza kwamba kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam, kwa mstari ulionyooka, ni takriban kilomita 900. Wanachuo wakavutiwa sana.

Mmoja wao, kijana aliyezaliwa Kilwa Kivinje, aliinua mkono. "Samahani, Mwalimu," alisema. "Wakati huu ni wa kusi. Baba yangu ni mvuvi, na majira haya upepo wote humjia kutoka baharini. Moshi wa Katavi utaufikiaje mji huu kwa kwenda kinyume cha upepo?"

Nilikuwa na jibu tayari, nalo ndilo lililonitia aibu baadaye. Nilimwambia: "Ndugu yangu, setilaiti haidanganyi." Darasa likacheka. Kijana akaketi.

Somo langu linanirudia

Mwezi Julai wanachuo walipelekwa mazoezini, nami nikapangiwa kuwakagua walio katika shule za katikati ya jiji. Katika shule moja isiyo mbali na soko nilikaa nyuma ya darasa la sita, miongoni mwa watoto zaidi ya mia moja, kumsikiliza mmoja wa wanachuo wangu wa kike. Alijiandaa vizuri. Alikuwa amechora ramani ya Tanzania katika karatasi kubwa, ametia nukta nyekundu upande wa magharibi, na amechora mshale mrefu kutoka Katavi hadi Dar es Salaam.

Watoto wa Kariakoo hawahitaji kuelezwa moshi ni nini. Wengi wao waliukumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko lenyewe liliposhika moto. Kila siku hupita kando ya majiko ya mama lishe na makarai ya wakaanga mihogo. Kwa hiyo walisikiliza kwa makini. Ndipo moshi ukaanza kuingia dirishani. Ulikuwa mweupe, mzito, na ulinuka plastiki. Nyuma ya darasa lile palikuwa na shimo la taka, na taka za shule zilikuwa zikichomwa kila asubuhi baada ya watoto kufagia uwanja. Watoto wa dawati la dirishani wakakohoa. Msichana mmoja akavuta ushungi wake akaziba pua. Mwenzake aliyekaa naye akaninong'oneza kwamba ana pumu.

Mvulana wa mbele akasimama. "Mwalimu, na huu nao umetoka Katavi?"

Wenzake hawakucheka. Alikuwa ameuliza kweli. Mwanachuo wangu alitazama dirishani, akanitazama mimi, kisha akajibu: "Huo ni moshi mdogo tu. Moshi mkubwa unaotusumbua watoka mbali, na hatuna uwezo nao." Akaendelea na mshale wake.

Baada ya kipindi tuliketi chini ya mwarobaini kuzungumza juu ya somo. Nilikuwa nimeandika katika fomu ya ukaguzi kwamba hakulitumia swali la mwanafunzi. Nilipomsomea maneno hayo aliinamisha kichwa, akasema kwa adabu: "Mwalimu, nimefundisha kama ulivyotufundisha."

Sikuwa na la kumjibu. Fomu ile niliikunja nikaiweka mfukoni. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyewafundisha watoto mia moja, kwa kinywa cha mtu mwingine, kwamba moshi ulio mbele ya macho yao si kitu na kwamba ule wa kweli hauwahusu. Wahenga walisema palipo na moshi hapakosi moto; hawakusema moto huo sharti uwe mbali.

Setilaiti huona nini?

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, safari hii kama mwanafunzi. Jambo la kwanza nililogundua ni kwamba nilikuwa nimechanganya mambo matatu mbalimbali: joto la moto, moshi wenyewe, na gesi zinazofuatana na moshi. Setilaiti hupima kila moja kwa njia yake, na jibu la moja si jibu la jingine.

Zile nukta nyekundu ni joto. Ukipitisha kiganja karibu na pasi ya mkaa husikia joto kabla hujaigusa. Vivyo hivyo vyombo vya setilaiti hupokea mionzi ya joto ambayo jicho halioni. Chombo kiitwacho MODIS kilipelekwa angani katika setilaiti mbili za Marekani, Terra mwezi Desemba 1999 na Aqua mwezi Mei 2002. Kingine kiitwacho VIIRS kilirushwa katika setilaiti ya Suomi NPP mwezi Oktoba 2011, kisha katika nyingine zilizoifuata. Nukta moja ya MODIS huwakilisha eneo lenye upana wa kilomita moja hivi, na ya VIIRS mita 375. Nukta haimaanishi kwamba eneo lote hilo linawaka. Maana yake ni kwamba mahali fulani ndani yake pana joto lililozidi la jirani zake. Tena setilaiti hizi hupita juu ya mahali pamoja mara chache tu kwa siku. Moto uliowaka na kuzimika katikati ya mapito hayo aghalabu hauonekani.

Hapo ndipo nilipoona kosa langu la kwanza. Kwamba Kariakoo haikuwa na nukta, hilo halikuthibitisha kwamba Kariakoo haikuwa na moto. Jiko la mama lishe haliwezi kufanya nukta. Shimo la taka la shule haliwezi. Majiko mia tano na mashimo hamsini, kila moja likiwa dogo na limetawanyika mbali na mwenzake, yaweza kuujaza mtaa moshi na ramani ikabaki nyeupe. Nilikuwa nimeichukulia kimya cha chombo kuwa ni ushahidi.

Jambo la pili ni moshi wenyewe. Katika picha za kawaida za setilaiti moshi huonekana kama utando wa kijivu au kahawia juu ya nchi. Lakini mawingu huuficha, na picha inayopigwa kutoka juu haielezi wepesi kama moshi ule unagusa ardhi au unaelea kilomita tatu juu ya vichwa vya watu. Mji waweza kuwa chini ya moshi mwingi na bado watu wake wavute hewa safi. Ili kujua kimo cha moshi, setilaiti ya CALIPSO iliyofanya kazi tangu 2006 hadi 2023 ilikuwa ikituma miali ya leza chini na kupima inavyorudi, kama mvuvi anavyopima kina kwa kamba yenye risasi.

Jambo la tatu ni gesi. Moto wa mbuga na misitu hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo rangi wala harufu, ambayo huweza kukaa angani kwa wiki nyingi. Chombo kiitwacho TROPOMI, kilichorushwa mwezi Oktoba 2017 katika setilaiti ya Ulaya ya Sentinel-5P, huipima gesi hiyo dunia nzima. Kwa kufuata gesi, wataalamu huweza kuufuata moshi hata baada ya jicho kuupoteza.

Upepo ndiye mchukuzi

Lakini hata mambo hayo matatu yakijulikana, bado hujajua moshi umekwenda wapi mpaka umwulize mchukuzi wake, yaani upepo. Siku ile ya tarehe 7 Juni 2023 upepo ulikuwa ukivuma kutoka kaskazini, yaani kutoka Quebec kuelekea New York. Mimi nilichukua umbali tu nikaacha mwelekeo. Nililinganisha kilomita na kilomita, nikasahau kwamba moshi hausafiri kwa rula.

Kijana wa Kilwa alikuwa na haki. Katika majira ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, upepo mkuu wa pwani yetu hutoka kusini-mashariki, baharini, ukaingia bara. Majira hayo ndiyo pia ya ukavu na uchomaji wa mapori. Kwa hiyo sehemu kubwa ya moshi wa Tabora na Katavi hauji Dar es Salaam. Huelekea magharibi, ukavuka Ziwa Tanganyika na kuingia Kongo, ukachanganyika na moshi wa Kongo yenyewe, Zambia na Angola. Kati ya mwaka 2016 na 2018 watafiti wa NASA, katika mradi ulioitwa ORACLES, walirusha ndege kutoka Namibia na baadaye São Tomé ili kuuchunguza moshi wa bara letu juu ya bahari ya Atlantiki. Waliukuta umepanda, mara nyingi kilomita 2 hadi 5 juu ya bahari, ukielea juu ya mawingu. Moshi wa Afrika umepimwa hata katika kisiwa cha Ascension, katikati ya bahari hiyo.

Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Nilikuwa nimewaambia wanachuo kwamba sisi ni wapokeaji wa moshi wa watu wa mbali. Kumbe tukiwasha mapori yetu, sisi ndio tunaowapelekea wengine. Tena jambo hili si dogo, kwa maana takriban theluthi mbili ya eneo linaloungua duniani kila mwaka limo barani Afrika.

Hata hivyo sitaki msomaji aondoke na kanuni mpya iliyo ngumu kama ile ya kwanza. Mwezi Septemba 2000, wakati wa utafiti mkubwa ulioitwa SAFARI 2000, moshi wa mioto ya kusini mwa Afrika ulijikusanya kama mto mpana, ukageukia kusini-mashariki na kumwagikia bahari ya Hindi. Upepo hubadilika. Hivyo kila siku ina jibu lake, na jibu hilo sharti litafutwe.

Ipo programu iitwayo HYSPLIT, iliyotengenezwa na idara ya hali ya hewa ya Marekani, ambayo huhesabu njia ya hewa kwa kurudi nyuma. Humtaka mtumiaji ataje mahali, siku, saa na kimo, kisha humchorea hewa ile ilikotoka siku zilizotangulia. Niliiuliza habari za asubuhi zote tano za wiki ile ya ukaguzi. Njia zote tano zilitoka baharini. Hakuna iliyopita Katavi.

Basi moshi wa asubuhi watoka wapi? Wavuvi wanalijua jibu na wamelipa jina. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko bahari, na kabla ya jua kupanda huvuma upepo mwepesi kutoka nchi kavu, ambao wao huuita umande. Hewa ya chini nayo, ikiwa imepoa, hukaa chini ya hewa yenye joto zaidi, kama mvuke uliofunikwa chunguni. Moshi wa taka, wa mkaa na wa magari hukosa pa kutokea, hutambaa mitaani polepole. Jua likipanda kifuniko hufunguka, upepo wa bahari huingia, na kufikia adhuhuri anga la Kariakoo huwa limetakata. Laiti ningelitazama anga hilo hilo mchana, kwa macho yangu tu, ningejiuliza kwa nini moshi wa Katavi uje asubuhi na uondoke saa sita.

Tulivyolirudia somo

Wanachuo waliporudi kutoka mazoezini nilisimama mbele yao nikasema kwamba nilikosea, na kwamba mwenzao aliuliza swali la haki nami nikamnyamazisha. Nilimwomba radhi mbele ya wote. Nawaambieni kweli, haikuwa rahisi, kwa maana tumelelewa kuamini kwamba mwalimu akikiri kosa heshima yake hupungua. Sikuona heshima yangu ikipungua. Nilimpa chaki, naye akachora pepo za pwani: kusi, kaskazi na umande, na saa zake, jinsi alivyofundishwa na baba yake ndani ya mashua.

Kisha mimi na yule mwanachuo wa kike tukarudi katika ile shule, kwa ruhusa ya Mwalimu Mkuu, tukalirudia somo kwa siku tano. Hatukuwa na vifaa vya gharama. Tulifunga vitambaa vyepesi juu ya miti mirefu ili kuonyesha upepo. Tulichukua sahani nne nyeupe, tukazipaka mafuta ya mgando, tukaziweka mahali pane: karibu na shimo la taka, kando ya barabara, dirishani mwa darasa, na juu ya paa la choo. Watoto waliandika mwelekeo wa upepo saa 1 asubuhi, saa 4 na saa 7 mchana. Kila siku walizitazama sahani, wakazilinganisha na kuandika. Pembeni tuliweka ramani ya setilaiti ya siku hiyo, tukawauliza: upepo wa leo ungeweza kutuletea moshi wa nukta hizi?

Siku ya tatu sahani ya shimoni ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, na ile ya dirishani ilikuwa ya pili kwa weusi. Ile ya barabarani ilikuwa nyekundu-nyekundu kwa vumbi. Yule mvulana wa swali la kwanza aliinua sahani ya dirishani akasema: "Mwalimu, Katavi iko hapa nyuma." Darasa lilicheka, nami nikacheka nao.

Sharti niseme wazi kwamba sahani hizo hulinganisha tu, hazipimi hatari. Chembe zinazodhuru zaidi ni ndogo, zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani ya mapafu na hazionekani kwa jicho. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, lilishauri kwamba wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Kuzipima kwahitaji mashine. Tuliwaeleza watoto hivyo, wasije wakadhani kwamba sahani iliyobaki nyeupe ni dalili ya hewa salama.

Watoto walikwenda na sahani zao kwa Mwalimu Mkuu. Alizitazama kwa muda, kisha akauliza swali ambalo nami nakuachia wewe: "Sawa, wanangu. Na taka tuzipeleke wapi?" Gari la taka lilikuwa na malipo yake na halikuja kila siku. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na shimo moja na watoto wengi. Baada ya mazungumzo na kamati ya shule ilikubaliwa kwamba majani na mabaki ya chakula yafukiwe yawe mbolea ya bustani, plastiki na karatasi zingoje gari, na moto usiwashwe kamwe wakati watoto wapo. Nilipopita tena muhula uliofuata nilikuta agizo hilo likifuatwa, ingawa majivu mapya yalionyesha kwamba jioni nyingine shimo lilikuwa bado linawashwa. Msichana wa ushungi alikuwa amehamishwa dawati, mbali na dirisha. Ni nusu ya ushindi, na mimi sitaiita zaidi ya hivyo.

Kwa mwalimu mtarajiwa

Ndugu mwalimu mtarajiwa, sikusimulia haya ili uiogope setilaiti. Ni chombo cha ajabu na chenye manufaa, na ni vema mtoto wa Kariakoo ajue kwamba aweza kuiona Katavi ikiungua hali amekaa mtaani kwake. Mwezi Septemba mwaka ule ule tulipata siku mbili za utusitusi uliokaa hadi alasiri. Tulipotazama, upepo ulikuwa umeelekea kutoka kusini, na nukta zilikuwa nyingi upande wa Rufiji na Kilwa, na njia ya hewa ilipita huko. Siku hizo tuliandika: "Yawezekana moshi umetoka kusini, kimo chake hatukukipima." Sentensi hiyo haina fahari kama ile niliyoiandika mwezi Juni, lakini mwanachuo aweza kuibeba mpaka darasani bila kumpotosha mtoto.

Kwa hiyo, utakapofundisha jambo lililoonwa na chombo cha mbali, jiulize kwanza chombo hicho hupima nini hasa na hakiwezi kuona nini. Kisha tafuta mchukuzi: upepo, mto, au njia yoyote inayounganisha mahali pale na hapa. Halafu tafuta jambo moja ambalo watoto wenyewe waweza kulipima kwa kitambaa, sahani au macho yao. Na mwanafunzi akikuletea alichojifunza kwa baba yake mvuvi au bibi yake mkulima, usimjibu kwa jina la mashine. Mwulize zaidi.

Mwalimu anayefundisha kwamba kila moshi watoka mbali hakosei Jiografia peke yake. Huwafundisha watoto kukaa na kukohoa, wakingoja watu wasiowajua wazime moto wasiouona. Na anayefundisha kwamba moshi wetu hauvuki mpaka hukosea vile vile, maana anayechoma pori Katavi leo ana majirani ng'ambo ya ziwa.

Kijana wa Kilwa sasa anafundisha katika shule ya msingi moja huko kusini. Mara ya mwisho tulipozungumza aliniambia kwamba amesimamisha mti wenye kitambaa uwanjani, na kwamba kila asubuhi kabla ya kengele mtoto mmoja huutazama na kuandika ubaoni. Nami nimeiga kutoka kwake. Kila ninapoanza mada ya hewa, kabla sijafungua ramani yoyote, huandika swali moja ubaoni, kisha nikatoka nje pamoja na wanachuo wangu kulitafutia jibu: "Upepo wa leo watoka wapi?"